Mstari wa Maji

Usianze na asidi, Mbeleje.
Anza na kupunguza maji, shubiri mbili chini ya vigae,
mpaka ule mkanda mweupe utoke wote juani
kama ukingo wa sufuria ya uji iliyosahauliwa jikoni.

Bosi anauita uchafu.
Alinipigia Jumapili, wageni wa harusi wanaingia Ijumaa:
"Chilongani, njoo uniondolee huu uchafu."
Sikumbishia. Mwenye bwawa ana haki ya kukosea jina.
Lakini wewe ujue.
Hii ni Ihumwa yenyewe, mita mia na ishirini kwenda chini,
imepanda na bomba ikaota jua,
maji yakaondoka na upepo wa Agosti,
jiwe likabaki limekumbatia ukuta.

Hata birika la mama yako linazo habari hizi.
Litikise uone linavyokohoa.

Sasa siki. Lete lile dumu
tulilonunua kwa mjane wa Mpunguzi,
zabibu zilizokosa kuwa mvinyo zikakasirika.
Nyunyiza, ngoja. Ngoja kweli,
si ile "ngoja nakuja" ya mafundi.
Sikiliza: chiii.
Tunda la Dodoma linatafuna jiwe la Dodoma,
watoto wa shamba moja, hawana huruma.

Pasipotoa povu, pana ugumu wa namna nyingine,
hapo siki ni maji ya kunawa tu.
Chukua lile jiwe jepesi, lenye matundu,
liwe limelowa muda wote.
Likikauka linakwaruza,
na kigae kilichokwaruzwa ni deni:
msimu ujao chokaa itapata pa kushika.
Steliwaya waachie wenye masufuria.

Asidi ni mwisho wa maneno.
Asidi ndani ya maji, kamwe si maji ndani ya asidi,
nawe simama upepo ukiwa mgongoni.
Mwaluko aligeuza, siku moja tu.
Mkono wake umeuona; husalimia kwa kushoto,
na sisi tumezoea kutouliza.

Bibi yangu, kule Bahi,
alikwangua mbuga maji yalipokwisha kurudi nyuma.
Udongo mweupe ndani ya kibuyu kilichotobolewa,
maji juu yake, tone, tone,
chungu motoni usiku kucha, asubuhi chumvi.
Akabeba kichwani, akarudi na uwele.
Yeye alikwangua apate.
Mimi nakwangua nitupe, nalipwa kwa kigae.
Kiwiko ni kilekile.
Nimekiona kwenye kivuli changu, pale sakafuni,
nikabaki nimeinua brashi kama mtu aliyeitwa.

"Fundi," ukasema, "hivi vigae vimeng'aa kuliko meno yako."

Kweli.
Miaka saba nilikunywa kisima cha shule,
nacho kikaniandika humu kwa kahawia,
mstari juu ya mstari.
Hakuna aliyepunguza maji akatazama.
Nilicheka mdomo ukiwa umefungwa,
ndivyo nilivyo hata kwenye picha ya ndoa yangu.

Jioni tulifungulia bomba.
Maji yakapanda taratibu, yakafika penye mstari,
yakaupita kana kwamba hayaujui.
Bosi alikuja na viatu vyake vya ngozi,
akainama, akajiona kwenye bluu, akaridhika.
"Hayatarudi tena?"
"Ukipima kila wiki, bosi, miezi minne, mitano."
Akasikia "hayatarudi". Akahesabu noti.

Ulikuwa unafunga madumu kwenye bodaboda
nilipoiona, kwenye ngazi ya chuma, nukta moja,
ndogo kama punje ya uwele,
tone lililorukia pale mchana likakauka.
Niliipitishia kidole gumba.
Nikatazama kama kuna mtu.
Nikaonja.

Si chumvi. Nilijua si chumvi.


Nilitaka kuonja tu.